Boksi la dawa za mzee

Ilikuwa Desemba 2017, tumepanda Moshi kama kawaida yetu Wachaga, nikafika nyumbani usiku nikakuta mzee yuko kitandani mguu mmoja kautoa nje ya shuka. Dole gumba limevimba, jekundu, linang'aa. Nikataka kumfunika maana baridi ya kule mnaijua, akaniwekea mkono, "Acha, hata shuka linaniuma." Mzee wa miaka 71, kalima kahawa maisha yake yote, leo anaogopa shuka.

Haikuwa mara ya kwanza, jongo lilikuwa linamsumbua miaka kama kumi hivi na sisi tulishaligeuza utani, ugonjwa wa wala nyama huo, mzee punguza supu ya kisusio, punguza pombe ya mbege, na yeye anacheka. Dawa tulikuwa tunaijua, diklofenaki, ya kutuliza maumivu. Mimi ndo nilikuwa nanunua Dar, boksi zima, duka la dawa la mtaani wala hawakuulizi cheti, nazifunga vizuri nampa kondakta wa basi, kesho yake mzee anapiga simu, "Mzigo umefika mwanangu, Mungu akubariki." Na mimi najiona natunza baba.

Safari hii halikutulia. Siku ya tatu miguu yote imejaa mpaka juu ya vifundo, ukibonyeza na kidole shimo linabaki pale pale, tukampeleka hospitali. Daktari alikuwa binti tu, akamwamkia shikamoo yake vizuri, akachukua damu na mkojo. Majibu yakaja, asidi ya yuriki, ile inayoleta jongo, 10.4 na kwa mwanaume ikipita 7 ishakuwa juu, nikajua habari ndo hiyo, kumbe yeye kalamu yake imezungushia namba ya chini kabisa, 36. Akasema hii ni spidi ya figo kuchuja, ikiwa chini ya 60 kwa zaidi ya miezi mitatu huo ni ugonjwa sugu wa figo, afu akafunua faili nyuma, mwaka jana mzee alipimwa kwenye mambo ya presha ilikuwa 44. Hakuna aliyetuambia kitu!

Akatueleza taratibu, figo ndo zinatoa sehemu kubwa ya hiyo asidi, zikichoka inabaki kwenye damu inaganda kwenye jointi, kwa hiyo jongo na figo kwa wazee mara nyingi vinaongozana, na kile kidonge cha presha cha kukojoza nacho kinaipandisha asidi, atambadilishia. Diklofenaki ndo ilimkunja uso. Inabana damu inayoenda kwenye figo, sasa mtu ana presha, ana umri, anameza miaka yote hiyo.

"Mzee, hizi dawa nani anakupatia?"

Nikaangalia sakafu. Nilikuwa najua natakiwa nifungue mdomo, haukufunguka.

"Nanunua mwenyewe binti yangu," mzee akasema, "hapo chini sokoni."

Njia nzima hakuongea. Tumeshaingia migombani karibu na nyumbani ndo akasema zilizobaki ziko chini ya kitanda, kazitoe. Nikapiga magoti nikavuta, boksi nne, moja bado haijafunguliwa, gundi yangu ya karatasi iko vile vile na juu yake mwandiko wangu wa maka peni, jina lake na namba ya simu.