Goso hajafa bado

Mchana mimi ni fundi cherehani: magauni, sare za skuli, mashungi. Usiku, binti yangu akishalala, nakata karatasi. Kwa mkasi mwingine, lakini. Mkasi wa nguo ukishaonja karatasi umekwisha, na nimeshagombana na watu kwa hilo.

Ilianza na harusi ya panya. Mteja wangu mmoja anafanya kazi na madaktari wa Kichina, wale wanaokuja Unguja kwa zamu tangu 1964. Walimpa karatasi nyekundu ya kubandika dirishani katika mwaka mpya wao, akaniletea nione. Msafara mzima wa panya: wapiga tarumbeta, wabeba taa, bibi harusi kwenye machela, na paka pembeni anangoja. Hadithi yake husimuliwa kwa namna nyingi. Katika mojawapo, wazazi wanamtafutia binti yao mume mwenye nguvu kuliko wote. Wakaenda kwa jua. Jua likasema wingu hunifunika. Wingu likasema upepo hunifukuza. Upepo ukasema ukuta hunizuia. Ukuta ukasema panya hunitoboa.

Nikaweka kikombe chini. Hii si ya Goso?

Bibi yangu alikuwa akitutolea hiyo baada ya isha. Mwalimu Goso anasomesha watoto chini ya mbuyu, paa anapanda kuiba, buyu linamwangukia mwalimu kichwani, linamuua. Wanafunzi wanamsaka muuaji, wanamkamata kusi, ule upepo. Kusi anasema angekuwa na nguvu hizo asingezuiwa na kiambaza. Kiambaza anamtaja panya, panya paka, paka kamba, kamba kisu, kisu moto, moto maji, maji ng'ombe, ng'ombe inzi, inzi paa. Mmisionari Edward Steere aliichapisha katika mkusanyo wake wa hadithi za Unguja, 1870.

Basi nikaitaka kwenye karatasi moja. Wachina wana ukataji ambao mistari ndiyo inayobaki na mengine yote yanaondoka, kwa hiyo kila mstari lazima ushikane na mwingine. Usiposhikana, kitu kinadondoka. Kwa Goso hiyo ni raha tupu, maana kila mmoja anamshika yule anayemtaja. Mkia wa panya umo kwenye tundu la kiambaza, kucha ya paka i juu ya mgongo wa panya, kamba i shingoni mwa paka. Maji yalinisumbua siku nne. Mwisho nikaazima vitobo vya kofia ya kiua, mstari juu ya mstari, yakatulia.

Kukunja karatasi sikuweza. Ukikunja unapata Goso wawili, na msiba mmoja unatosha. Hans Christian Andersen, yule mtunzi wa Denmark, alikuwa anakata huku anasimulia, hadithi ikiisha anaikunjua karatasi watu waone. Mimi nikisimulia mkono unasimama.

Ya kwanza iliharibika. Nilikuwa nachonga makali ya kisu, wembe ukateleza ukakata kamba. Kisu kimekata kamba, kama hadithi inavyotaka! Paka akabaki ananing'inia kwa sharubu moja. Nilicheka peke yangu saa sita za usiku, kisha nikatoa manila nyingine nyeusi nikaanza upya.

Aliyenipa kazi kuliko wote ni paa. Wenzake wote wanajitetea, yeye ananyamaza, na kwa kunyamaza kwake wanafunzi wanamuua. Hana wa kumshika mbele yake. Nikamrudisha mbuyuni: kwato kwenye tawi, inzi puani, na mnyororo ukawa duara. Chini yake Goso amekaa na msahafu. Kati yao liko buyu, limeshikwa na kikonyo chembamba kama uzi wa pindo.

Asubuhi binti yangu aliitazama sana dirishani. "Mama, mbona mwalimu hajafa?"

Nikamwambia kikonyo sijakikata.