Taa ya kuume

Jana nimetoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kurudi Lubumbashi, na mpaka sasa nikifumba macho naona ile gari ikinijia.

Mbele yangu kulikuwa kamyo (lori) ndefu yenye namba za Tanzania. Inatoa moshi, mwendo wa kinyonga, sioni kitu. Ikawasha taa ya kuume. Huku kwetu Kongo tunaendesha upande wa kuume, kwa hiyo kamyo ikikupa taa ya kuume maana yake njia ni wazi, pita. Ya kushoto ndiyo inakukataza. Nikatoka kupita. Gari ndogo ikatokea usoni kabisa! Nilirudi nyuma ya kamyo kwa neema ya Mungu tu.

Dereva alisimama mbele kidogo, akashuka mbio. "Dada, mbona nilikuwa nakuzuia?" Ndipo nikaelewa. Tanzania na Zambia wanaendesha kushoto, basi taa ya kuume kwao ni onyo: usitoke, kuna gari inakuja. Alikuwa amevuka mpaka asubuhi ile ile. Gari limebadili upande, mkono bado uko na desturi ya kwao.

Sikuweza kumkasirikia. Alitaka kuniokoa, kwa lugha ya nyumbani kwake. (Matawi yakiwekwa barabarani kuonya kwamba kamyo imekufa mbele, hapo tunaelewana wote.)

Ndugu zangu wa njia hiyo, angalieni namba ya gari kabla ya kuiamini taa yake.

Alipomaliza kuniomba radhi, alikwenda mwenyewe katikati ya barabara, akaangalia mbele, akanipungia mkono nitangulie.