Kichujio ndicho kilichokuwa kinaiharibu kahawa ya mjomba

Kahawa ninayokunywa hapa nyumbani Dar es Salaam inatoka Rombo, kwenye shamba la mjomba wangu. Anaichuma, anaimenya na kuianika mwenyewe, na kila msimu hunitumia kilo kadhaa za buni kwa basi. Mimi naipeleka kukaangwa kwa jamaa mwenye mashine ya kazi hiyo. Ndiyo maana iliniuma alipokuja mjini kwa matibabu, nikamwamkia, nikamwekea kikombe kutoka kwenye mashine yangu ya espreso, akapiga funda moja na kukirudisha kwenye kisosi.

"Mpwa wangu, hii mmeichanganya na nini?"

Haikuwa na mchanganyiko wowote. Ilikuwa kahawa yake ileile, ila chungu kama dawa na nyepesi kama maji ya kuoshea vyombo, halafu juu ina povu nene la kupendeza macho. Usiku ule nilianza kuifungua mashine kipande kimoja baada ya kingine.

Kosa la kwanza nililikuta kwenye kichujio, kile kibakuli cha chuma cha kutilia unga wa kahawa, kinachokaa ndani ya kishikio, yaani mpini unaofungwa kwenye mashine. Ukikitazama kwa juu kina matundu mamia. Ukikigeuza, chini kuna tundu moja tu, dogo kama ncha ya sindano, kwa sababu kina kuta mbili. Kimetengenezwa kwa ajili ya kahawa ya dukani iliyokwisha kusagwa. Unga huo mara nyingi ni wa chengachenga na hauyazuii maji, kwa hiyo lile tundu moja ndilo linaloleta ukinzani na kuirusha kahawa nje kwa nguvu mpaka itoe povu. Kwa mtu asiye na kinu cha kusagia, kichujio hicho ni msaada wa kweli na simshauri akitupe. Lakini kwa buni nzuri inayosagwa muda uleule, kinaficha kila kitu: usage vizuri au vibaya, povu ni lilelile.

Nikaamua kununua cha ukuta mmoja, ambacho matundu yake yote yanapita moja kwa moja. Hapa nilipoteza pesa. Video zote nilizotazama zilisema milimita 58, nikaagiza kichujio na kishindilio, kile cha kukandamizia unga, vyote vya 58. Hiyo ni saizi ya mashine nyingi za mikahawani. Mashine ndogo za nyumbani nyingi ni 51, 53 au 54, na yangu ni 51. Vilipofika havikuingia. Basi kabla ya kuagiza chochote, toa kichujio ulichonacho, weka rula juu ya mdomo wake, pima upana wa ndani kutoka ukuta hadi ukuta. Pima na kina chake pia, kwa sababu kirefu mno hakikai ndani ya kishikio chenye mdomo wa chini.

Kichujio kipya cha 51 kilipofika, kahawa ikazidi kuwa mbaya. Maji yalipita kwa sekunde 9, rangi ya chai ya rangi. Mpaka hapo nilikuwa nasagia mashine ya visu ya viungo vya pilau, ambayo hukatakata tu: huku vumbi, huku mapande. Nikanunua kinu cha mkono chenye meno ya chuma kinachoweza kurekebishwa. Kilinigharimu kuliko vifaa vingine vyote kwa pamoja, na kama ningeanza upya ningenunua hicho kwanza. Kazi ya kuyazuia maji sasa ni ya unga wenyewe. Nikawa naweka gramu 15 kwenye mizani ya jikoni na kuacha zitoke gramu 30 za kahawa kwa sekunde 25 hadi 30. Ikitoka haraka nasaga laini zaidi, ikisuasua nalegeza kidogo. Kinu nilikirekebisha kwa siku nne mfululizo, nikabadili kitu kimoja tu kila mara, la sivyo usingejua kilichosaidia ni kipi.

Kishindilio cha plastiki kilichokuja na mashine nacho nilikiacha. Kilikuwa chembamba kuliko kichujio, kwa hiyo unga wa pembeni ulibaki haujashindiliwa na maji yakapitia hapo hapo. Maji ni mvivu, hutafuta palipo pepesi. Cha milimita 51 kamili kinagusa ukuta pande zote. Kabla ya kushindilia nachambua mabonge kwa sindano nyembamba nilizochomeka kwenye kizibo cha chupa, nikizungusha kuanzia chini kwenda juu. Hakuna kifaa rahisi kuliko hicho kilichonisaidia vile. Ile sahani ya wavu inayowekwa juu ya unga ninayo, nayo inasaidia kuweka usafi upande wa juu wa mashine, lakini ladha haikubadilika kiasi cha kumwambia mtu aikimbilie. Ukiitumia punguza unga kidogo, maana inakula nafasi.

Mwezi wa tatu kahawa ikaanza kuruka upande mmoja na uchungu ukarudi. Nilikuwa nakisuuza kichujio kila siku, nikadhani ni kisafi. Nikakiinua dirishani saa nne asubuhi, jua likiwa kali, na nikaona: upande mmoja matundu yanang'aa kama nyota, upande wa pili kama robo yake giza tupu. Kahawa ina mafuta, na mafuta hayo yakishikana na vumbi la unga hukauka kama gundi. Maji peke yake hayayatoi.

Sasa kila baada ya kikombe nakung'uta mashapo hapo hapo, nafuta kwa kitambaa na kupitisha maji moto. Kila Jumamosi nalowesha kichujio kwenye maji ya moto yenye kijiko kimoja cha unga wa kusafishia mashine za kahawa, dakika 20, kisha nasugua kwa mswaki wa zamani na kusuuza mpaka harufu ya dawa iishe. Situmii steelwaya, wala sichokonoi matundu kwa sindano, maana yakitanuka hayarudi. Wavu wa juu ya mashine, ule unaomwagia unga maji, nao naufungua kwa bisibisi na kuulowesha pamoja nacho.

Kishikio changu, hata hivyo, sikitii humo. Ni cha alumini. Mara ya kwanza nilikitumbukiza na kichujio pamoja, na nilipokitoa kilikuwa cheusi na kinachafua vidole. Dawa hizo zinaila alumini. Chuma cha pua ndicho kinachozistahimili. Siku hizi kishikio nakiosha kwa sabuni ya maji basi. Na kama seti uliyonunua ina kichujio kisicho na tundu hata moja, soma kwanza kitabu cha mashine yako. Kile ni cha kusafishia mashine zenye vali ya kutoa presha, na yangu haina.

Maji nayo. Bomba la kwetu mara nyingi ni la kisima, yana chumvi, kwa hiyo natumia maji ya kunywa ya dumu.

Desemba mjomba alirudi kwa ajili ya kliniki. Nilimwekea kikombe, akakinywa chote bila neno, akasogeza kisosi niongeze. Kisha akaomba aone hicho chombo nilichokuwa namsimulia kwenye simu. Nikakiosha, nikampa. Akakipeleka dirishani, akafumba jicho moja, akakizungusha polepole kama anayekagua buni kwa ajili ya kuuza.

"Hapa pembeni," akasema, "matatu yameziba."

Nikaenda kuchemsha maji.