Thropple ya babu

Babu mmoja ninayemhudumia katika nyumba ya wazee hapa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, ana neno lake la koo. Husema "thropple". Analitamka upesi upesi, na wakati huohuo kidole gumba chake kinagusa kikoromeo, ili asiyemwelewa kwa maneno amwelewe kwa mkono.

Ameshapita miaka 90 na ugonjwa wa kusahau umemla sana. Majina ya wajukuu hayapo tena. Maradhi haya mara nyingi hufuta mambo ya jana kwanza na ya utotoni mwisho. Kwa hiyo Kiingereza cha shule na cha benki kinamponyoka, kinabaki kile alichokikuta kwa mama yake shambani, kwenye mabonde ya kondoo. Wenzangu vijana, waliozaliwa mjini si mbali na hapa, hawalijui neno hilo kabisa.

Nami nalishikilia kwa sababu babu ana shida ya kumeza. Chai yake tunaitia unga wa kuifanya nzito na kuikoroga mpaka iteremke kwenye kijiko polepole kama uji. Tunamkalisha wima, kidevu kikiinama kidogo, tunampa kijiko kimoja, tunasubiri ameze, tunatazama kama sauti yake imebadilika, ndipo tunaleta kingine. Kinywaji kikiingia njia ya hewa kinaweza kumletea nimonia, na kwa umri ule nimonia huua. Kwa hiyo akisema "thropple" katikati ya chai, hiyo ni taarifa. Atakayedhani anaropoka tu ataendelea kumlisha.

Binti yake ndiye aliyenipa undani wa neno. Ni koo, lakini zaidi lile bomba la hewa lililo mbele, linaloshikika. Waskoti husema "thrapple". Likigeuzwa kitendo, maana yake ni kumkaba mtu koo. Na huku kwa wakulima lilikuwa neno la farasi pia. Babu yake, yaani baba wa mzee huyu, alilima kwa farasi, na sokoni hakutoa hela kabla ya kumbana mnyama koo kwa vidole mpaka akohoe. Kikohozi kikitoka kizuri, pumzi ni nzima. Kikiwa na mkwaruzo, aliondoka zake. Nikamwuliza babu mwenyewe habari za farasi. Akanishika mkono, akaubana kwa vidole viwili juu kidogo ya kifundo, akasikiliza! Nguvu ya vidole vile bado ninayo mkononi.

Usiku nilisoma habari za Joseph Wright, mkusanyaji wa maneno ya lahaja kama haya, na nilichelewa kulala. Alizaliwa 1855 karibu na Bradford, katika umaskini. Akiwa na miaka 6 aliswaga punda wa machimbo ya mawe. Akiwa na miaka 7 alikuwa kiwandani Saltaire akibadilisha vigurudumu vya nyuzi. Hakujua kusoma mpaka miaka 15. Mwaka 1901 akawa profesa Oxford. Mtu huyo ndiye aliyehariri kamusi kubwa ya lahaja za Kiingereza, majalada 6, iliyotoka kati ya 1898 na 1905, akisaidiwa na mamia ya watu wa vijijini na mijini waliomtumia maneno. Lahaja ya Yorkshire ilikuwa lugha ya nyumbani kwao, naye hakuionea haya hata alipokuwa profesa. Nampenda kwa hilo. Huku kaskazini bado wapo wazee waliochapwa shuleni kwa kusema hivi walivyosema mama zao, na wengine huomba radhi kwangu, mimi mgeni, eti kwa Kiingereza chao kibovu. Hakina ubovu wowote.

Nawaza pia sisi. Watu wetu wengi wanazeekea Leeds, London, Toronto. Siku Kiingereza kitakapotutoka, tukabaki na maneno yetu tu, koo, kifua na kiuno, nani kitandani pale atajua tunaumwa wapi? Jambo hili linanikosesha raha, na sioni kama ni la kuachia bahati.

Basi nimemwomba msimamizi ruhusa, akakubali: ndani ya faili la babu, mbele ya ukurasa wa chakula, pana karatasi ya maneno yake. Thropple, koo. Lug, sikio. Neb, pua. Neive, ngumi. Oxter, kwapa. Wame, tumbo. Binti yake amesahihisha tahajia na kuongeza mengine. Wanaoingia zamu ya usiku wanatakiwa kuisoma kabla ya kumpa kinywaji, na la koo nimelipigia mstari mwekundu. Wiki ijayo naanza ya bibi wa chumba cha jirani, aliyekulia Durham kwa wachimba makaa. Mwanawe ameahidi kuja Jumanne.