Mkasi wa shoto na msumeno wa kuvuta: nilivyopata zana za kupogolea miti yangu

Shamba alilotuachia baba huku Muheza lina michungwa 64 na miembe mitano. Nilipolipokea, zana zake za kupogolea zilikuwa mbili tu, panga na shoka. Baba alipogoa hivyo maisha yake yote na miti ilimzalia, lakini nilipopita mti kwa mti niliona vidonda. Kulikuwa na vigutu vilivyokauka na kuoza hadi ndani ya shina, na mahali pengine panga lilikosa tawi likachota gome la mti wenyewe. Nikaamua panga libaki kwenye majani.

Nikaenda Tanga mjini, nikanunua mkasi wa kupogolea kwa Sh 12,000. Niliuchagua kwa sababu ulikuwa mzito, na nilidhani uzito ndio uimara. Kabla wiki ya pili haijaisha ulikuwa umelegea, ukawa unatafuna vitawi badala ya kukata, na kila tawi likabaki na uzi wa gome unaoning'inia. Nilitaka kuukaza nikakuta hauna nati. Pale kwenye kiungo walikuwa wamegonga ribiti, na ribiti ikishalegea mkasi umekwisha.

Aliyenifungua macho ni bibi shamba wa kata yetu. Alikuja kuangalia michungwa, akaushika ule mkasi, akaupandisha usawa wa jua.

"Kaka, chungulia hapa katikati. Unaona mwanga?"

Niliuona. Makali mawili yalikuwa hayagusani.

"Mkasi unaopitisha mwanga hivi haukati, unabana. Na huu ni wa fuawe. Kwa mchungwa mbichi haufai."

Hapo ndipo nilipojua kwamba mikasi hii ni ya namna mbili. Wa fuawe una upande mmoja wa makali unaoshukia kwenye bapa, kama nyama juu ya gogo la bucha. Unafaa kwa vitawi vikavu, lakini tawi bichi unalisaga pande zote mbili za mkato. Wa pili ni wa kupishana. Upanga mwembamba unapita ubavuni mwa kulabu nene, na mkato unatoka laini kama wa wembe. Kwa mti wa matunda ulio hai, chukua wa kupishana. Halafu uushike hivi: upanga uwe upande wa sehemu inayobaki mtini, kulabu iwe upande wa kile unachokitupa. Ukigeuza, kulabu itakuachia kigutu, na ubavu wake utachubua gome linalobaki.

Mimi nina shoto, na hapa ndipo taabu yangu ilipokuwa. Mkasi wa kawaida umetengenezwa kwa mkono wa kulia. Kifungio chake kimekaa pale linapofika dole gumba la kulia. Ukiushika kwa kushoto, huoni vizuri mstari unaokatwa, na ili upanga ukae upande wa shina inabidi upindue kifundo cha mkono. Kwa vitawi kumi utavumilia. Kwa michungwa 64, yenye miiba, na maotea ya mlimau yanayochomoza kila msimu chini ya kiungio, pale mchungwa ulipounganishwa juu ya shina la mlimau, jioni nilikuwa siwezi kushika kikombe cha chai. Miaka yote nilidhani ni udhaifu wangu.

Shemeji yangu anaishi Ujerumani. Nilipomweleza, akaniambia kuna mikasi ya shoto, na aliporudi likizo akaniletea mmoja, Felco namba 9. Felco ni kampuni ya Uswisi iliyoanza mwaka 1945, na mkasi wake wa namba 2, ambao wakulima wa mizabibu na matunda wanaujua sana, una uzito wa gramu 240 hivi na unakata hadi milimita 25. Namba 9 ni wa mkono wa kushoto. Ni ghali, tena sana, na nisingependa mtu akope ili aupate. Lakini ninachokipenda zaidi ya makali yake ni kwamba unafunguka wote. Upanga, springi, nati, kila kipande kinabadilishwa peke yake. Hata ukinunua wa bei nafuu, tafuta huo ufundi: nati badala ya ribiti, kifungio unachokifikia kwa dole gumba bila kuhamisha mkono, na mdomo usiopanuka kupita kiganja chako. Mke wangu ana mkono mdogo, na mkasi wangu haumfai kabisa. Wake tuliuchagua dukani kwa kuufungua na kuufunga mara hamsini, muuzaji akisubiri.

Kukata milimita 25 hakumaanishi ulazimishe milimita 25. Mchungwa una mti mgumu, kwa hiyo mimi huishia kwenye unene wa kidole gumba. Ukijikuta unazungusha mkono huku na huku ili tawi lishindwe, unapinda upanga. Weka chini, chukua msumeno.

Msumeno nao niliupata baada ya hasara. Nilipanda mwembe ulio karibu na kisima na msumeno wa seremala kukata tawi nene kama paja. Msumeno wa seremala unakata ukisukuma, nawe juu ya mti huna pa kuegemea ili usukume. Mti mbichi ukaubana katikati. Nilipoendelea kwa nguvu, tawi likashuka kwa uzito wake kabla mkato haujafika mwisho, likachana gome la shina hadi karibu na ardhi. Ule mlio bado naukumbuka. Mwembe haukufa, lakini ubavu ule haujafunika mpaka leo.

Msumeno wa kupogolea unakata ukivuta. Wangu una urefu wa sentimita 30, umepinda kidogo kama mundu, na mgongo wake ni mwembamba kuliko upande wa meno, kwa hiyo haubanwi. Unapoenda unateleza, unaporudi unakula. Niliuacha ule wa upinde uliokuwa wa bei rahisi zaidi, kwa kuwa fremu yake haiingii kwenye panda nyembamba, na mchungwa ni panda tupu. Ala yake nilishonewa na fundi viatu, na kwangu ala ni lazima, maana napanda ngazi na msumeno kiunoni. Angalia pia ncha za meno: zikiwa na weusi wa kibuluu, zimefanywa ngumu kwa moto mkali, tupa haitazinoa. Wa namna hiyo ununue tu kama bapa la meno la akiba linapatikana.

Tawi zito sasa nalikata mara tatu. Kwanza kutoka chini, sentimita 30 hivi mbali na shina, theluthi moja ya unene. Pili kutoka juu, mbele kidogo ya pale, hadi tawi lianguke lenyewe bila kuchana kitu. Tatu naondoa kigutu, nje kidogo ya ule uvimbe ulioko tawi linapotokea shinani. Uvimbe huo usiguswe. Mmarekani Alex Shigo, mtafiti wa Idara ya Misitu ya nchi yake, alipasua maelfu ya miti kuchunguza vidonda vyake, akaonyesha kwamba mti haurudishi nyama iliyooza. Unaizungushia ukuta, kisha tabaka jipya la mti linaota juu yake, na uvimbe ule ni sehemu ya ulinzi huo. Kupaka rangi au grisi juu ya mkato, kama tunavyofanya wengi huku, alikupinga. Mimi nimeacha.

Utomvu wa mwembe unaganda kwenye makali na unababua ngozi, basi nafuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kabla haujakauka. Kati ya mchungwa na mchungwa nachovya mkasi kwenye maji ya jiki, sehemu moja ya jiki kwa tisa za maji, kwa sababu baadhi ya magonjwa ya michungwa husafiri na makali, na spiriti haiyaui yote. Jiki inakula chuma. Jioni nasuuza, nakausha, napaka mafuta ya cherehani. Kunoa, nanoa upande ulioinama tu. Ule ulio bapa nauburuza mara moja kwenye jiwe kuondoa ukwaruzo, basi. Ukiunoa, mwanga utapita tena katikati.

Kwenye mwembe wa kisimani kuna tawi linalosugua paa la banda. Nimelipima, unene ni sentimita 11. Nasubiri maembe yaishe, nipande na msumeno, na kamba ya kulishusha nimeshainunua.