Nilichokikuta ndani ya Django

Kuna mama anauza dagaa kwa jumla pale soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, ninamtengenezea mfumo wa mahesabu kwa Django, zana ya kujengea tovuti kwa Python, lugha ya kuandikia programu. Karani wake anapima gunia, anaingiza kilo na bei, basi. Shida ni kwamba kurasa zote za uendeshaji zilikuwa za Kiingereza, na juu kabisa pameandikwa "Django administration". Mama akaniuliza, "Mwanangu, huyu Django ni nani kwenye biashara yangu?"

Maandishi hayo hayakuwa yangu, yalitoka kwenye faili za Django yenyewe. Jioni nikaanza kuzisaka: Users, kisha AppData (Windows huificha, mpaka uiamuru ionekane), Local, Programs, Python, Lib, site-packages, django. Nikaipata base_site.html, faili yenye kichwa cha kurasa hizo, nikakibadili, nikazima seva na kuiwasha tena. Kimya. Nikabadili tena. Saa tano usiku bado nasoma maneno yaleyale.

Kumbe laptopu ilikuwa na Django mbili! Moja ya kompyuta nzima, ndiyo niliyokuwa naihangaikia, na nyingine ndani ya venv, yaani mazingira ya Python ya mradi huo peke yake. Mradi ulikuwa unasoma hiyo ya pili. Siku hizi sipekui folda kabla ya kuiuliza Python, venv ikiwa imewashwa:

python -c "import django; print(django.__path__)"

Jibu lilikuja na njia inayoishia venv\Lib\site-packages\django. Na huko usihariri kitu, maana ukisasisha Django kwa pip, kisakinishi cha Python, kazi yako inafutika. Nakili base_site.html kutoka contrib/admin/templates/admin, iweke kwenye templates/admin ya mradi wako, na folda hiyo ya templates iandikwe kwenye DIRS, orodha ya mahali Django inapotafuta kurasa, ndani ya faili ya mipangilio, settings.py.

Nikiwa humohumo nikafungua contrib/admin/locale. Folda moja kwa kila lugha: ar, de, fr... na sw. Sw! Ndani yake django.po, sentensi ya Kiingereza juu, ya Kiswahili chini yake, ukurasa baada ya ukurasa. Watu walikaa wakatafsiri yote hayo, nami nilikuwa nimepanga kuyaandika upya mwenyewe. Niliisoma faili ile mpaka usingizi ukanishika.

Kilichobaki kilikuwa mstari mmoja ndani ya settings.py, LANGUAGE_CODE = 'sw'.

Asubuhi nikaenda Mwaloni. Karani akasoma vitufe kimoja kimoja kwa sauti, mama amesimama nyuma yake, kitabu cha hesabu kwapani.