Fomu Mbili za Mama Hamisi

Mwaka 2017 nilikuwa mwalimu wa Darasa la Tatu katika shule moja ya msingi mjini Morogoro. Elimu bila ada ilikuwa imeanza mwaka uliotangulia, na wanafunzi wangu, waliozidi tisini, walikaa wanne wanne kwenye madawati yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto watatu. Katika hali kama hiyo mzazi hupata habari za mtoto wake siku ya kufunga shule tu, kupitia taarifa ya maendeleo ambayo chini yake kuna mstari mmoja wa maoni ya mwalimu wa darasa.

Mama wa mwanafunzi ambaye hapa nitamwita Hamisi alinifuata ofisini katika muhula wa pili, wanafunzi wakiwa wameshatawanyika. Alikuwa mama lishe Msamvu, karibu na stendi ya mabasi, na siku hiyo alikuwa amemwachia mdogo wake biashara ili aniwahi. Baada ya kusalimiana alitoa taarifa zote za mtoto tangu Darasa la Kwanza, akazipanga mezani kwa kufuata mihula. Ya kwanza iliandikwa "Mtukutu", nyingine "Anaongea sana darasani", na nyingine "Ana akili ila hatulii, ajirekebishe".

"Mwalimu," aliniambia, "hizi zote nimezisoma. Bado sijajua anafanya nini hasa, wala mimi nifanye nini."

Kisha akatoa fomu aliyopewa na daktari wa watoto jijini Dar es Salaam. Daktari huyo alikuwa amemwona Hamisi na kushuku ADHD, yaani hali ya upungufu wa umakini na utukutu uliopitiliza, lakini alikuwa amekataa kusema lolote la uhakika kabla ya kusikia kutoka shuleni. Nilimheshimu kwa hilo. Vigezo vya madaktari wa akili wa Marekani vya mwaka 2013, ambavyo hutumika katika nchi nyingi, vinataka dalili ziwe zimeanza kabla ya umri wa miaka 12, ziwe zimedumu kwa angalau miezi sita, na zionekane katika mazingira zaidi ya moja. Mtoto anayesumbuka shuleni peke yake, au nyumbani peke yake, huenda ana tatizo jingine kabisa, kuanzia masikio yasiyosikia vizuri hadi ugomvi wa wakubwa wanaomlea.

Fomu zenyewe huitwa Vanderbilt na ziko mbili: ya mzazi ina vipengele 55 na ya mwalimu ina 43, na tabia hupewa alama kuanzia 0, yaani haitokei kamwe, hadi 3, yaani hutokea mara nyingi sana. Mama Hamisi alikuwa ameshajaza yake kwa msaada wa muuguzi, naye alitamani nijaze yangu palepale. Nilimwomba anipe muda. Fomu humtaka mwalimu amtazame mtoto kwa kuzingatia kinachotarajiwa kwa umri wake, na katika darasa lenye watoto zaidi ya tisini kumbukumbu hushika yale yaliyomkera mwalimu na kuacha mengine yote. Alikubali, ingawa niliona kwamba hakupenda.

Aliporudi, tuliweka fomu zetu mbili ubavu kwa ubavu, na katikati yake nikafungua daftari la Hisabati la Hamisi. Somo lilikuwa kutoa kwa kukopa. Maswali matatu ya kwanza alikuwa ameyapata yote, tena ameandika tarakimu za kukopa juu kwa unadhifu. La nne alijumlisha badala ya kutoa. La sita alinakili vibaya kutoka ubaoni, 52 ikawa 25. La saba aliandika tarakimu moja tu ya jibu, na kutoka hapo mstari wa penseli uliteleza hadi pembeni mwa ukurasa. Mama Hamisi alilishika daftari kwa muda mrefu, akafuatisha maswali kwa kidole kutoka juu kwenda chini. "Kumbe anajua," alisema. Nilimjibu kwamba anajua, na kwamba nilipomuuliza maswali yaleyale kwa mdomo aliyajibu yote.

Hata hivyo fomu zetu hazikukubaliana. Kwenye kipengele cha kuinuka mahali anapotakiwa kukaa, yeye alikuwa ametoa 3 na mimi nimetoa 1. Aliniuliza Hamisi hukaa wapi. Nilipomweleza kwamba hukaa upande wa ukutani, na kwamba wenzake watatu humzibia njia, tulitazamana. Mtoto hakuinuka kwa sababu hakuwa na pa kupita. Kwa upande wake, mama alikuwa ameweka 1 penye kushindwa kutulia hadi kumaliza kazi, kwa sababu nyumbani Hamisi huweza kufungua redio mbovu na kuichokonoa mchana kutwa bila kusema neno. Nilimweleza kwamba watoto wenye ADHD wengi huzama kabisa katika jambo wanalolipenda, na kwamba shida yao ni kuelekeza umakini kwenye kazi isiyowavutia na kuubakiza hapo. Hatukubadilisha alama, kwa kuwa daktari alihitaji kuona kila mmoja ameona nini, lakini nyuma ya fomu yangu niliandika habari ya dawati, na yeye akaandika habari ya redio.

Baadaye aliniuliza kwa sauti ya chini kama Hamisi huchapwa. Nilimwambia ukweli kwamba walimu wa zamu humchapa, ingawa kanuni zinampa mwalimu mkuu peke yake mamlaka hayo, au yule aliyemwidhinisha kwa maandishi, na viboko visizidi vinne. Tulikwenda pamoja kwa mwalimu mkuu, na mama akamwonyesha daftari lilelile la Hisabati. Tangu siku hiyo Hamisi hakuchapwa kwa kutomaliza kazi.

Kabla ya kuagana tulikubaliana kuwa na daftari dogo la kwenda na kurudi, lenye mambo matatu tu: amekuja na penseli, amemaliza maswali matano, ameinua mkono kabla ya kusema. Mimi ningeweka alama ya vema au kosa katika kila kipindi, naye jioni angeisoma pamoja na mtoto, na vema zikitosha Hamisi angeruhusiwa kushika redio. Yeye pia angeniandikia kama mtoto amelala vizuri au ametoka bila kula. Nilimhamishia kwenye dawati la mbele, upande wa njia, nikampa kazi ya kugawa madaftari ili apate sababu halali ya kuinuka.

Jibu la daktari lilithibitisha ADHD na kushauri tuendelee na daftari pamoja na mafunzo kwa mzazi kabla ya kufikiria dawa. Chini yake alikuwa ameniandikia mimi swali: je, Hamisi hukosea zaidi katika vipindi vya asubuhi au baada ya mapumziko? Nilifungua daftari dogo, nikahesabu vema za kila kipindi, nikamjibu siku hiyohiyo kwa mkono wa mama yake.